Mchango wa simu, jukwaa la ng'ambo na fomu ya Kobo: tathmini kutoka ukingo wa Nyamwamba

Kikundi chetu kina wanachama 72, wengi wao akina mama wanaouza mboga, samaki na nguo za mitumba hapa mjini Kasese, magharibi mwa Uganda, na mimi ni mweka hazina wake kwa mwaka wa pili sasa. Cheo hicho kimenilazimu kujifunza, kulipia na wakati mwingine kuzilaani zana za kidijitali ambazo vikundi vidogo kama chetu huahidiwa kwamba zitaleta fedha na kutuandaa kwa maafa. Naandika tathmini hii kwa ajili ya waweka hazina wenzangu ambao vijana wao waliotoka chuoni wanawahimiza kila kikao kwamba "tuingie mtandaoni", bila kueleza ni nani atakayelipia bando, nani atakayeandika ripoti na nani atakayepokea simu saa nane za usiku. Zana nilizozipima ni tatu, fedha za simu, jukwaa la michango la GlobalGiving na fomu za maswali za KoboToolbox, na nimetumia kipimo kimoja kwa zote: je, mtu aliyetoa shilingi 2,000 anaweza kujua, bila kuuliza mara mbili, kwamba fedha yake ilifika na ilinunua nini?

Kwa asiyeijua Kasese, mto Nyamwamba unateremka kutoka milima ya Rwenzori, unapita Kilembe kwenye machimbo ya zamani ya shaba, unapenya mjini na kuelekea Ziwa George. Mei 2013 ulifurika, ukaua watu na kusomba nyumba. Mei 2020 ulirudi tena na kuiharibu hospitali ya Kilembe, na safari hiyo nchi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, magari ya watu binafsi yamezuiliwa na boda boda haziruhusiwi kupakia abiria. Ndugu waliokuwa Kampala hawakuweza kuja hata kuzika. Kilichoweza kupita vizuizini ni fedha zilizotumwa kwa simu, na naamini hapo ndipo watu wa kwetu walipoacha kuiona simu kama chombo cha salamu tu.

Kwa hiyo naanza na huduma hiyo, ambayo sote tunaiita mobail mani. Kampuni ya simu ya MTN iliianzisha Uganda Machi 2009, mitandao mingine ikafuata, na leo hakuna mama wa sokoni asiyejua *165# au *185#, namba za kufungulia menyu ya fedha, hata yule asiyeweza kusoma menyu yenyewe. Anaijua njia kwa mpangilio wa vidole, bonyeza moja, bonyeza nne, weka namba, weka siri. Kwa uchangishaji wa hapa nyumbani sijaona zana inayoishinda, kwa sababu haimwombi mchangiaji ajifunze kitu kipya wakati ambapo ana haraka na ana huruma.

Hata hivyo tuliitumia vibaya kwa miezi saba ya mwanzo, na kosa lilikuwa letu wenyewe. Laini ya kikundi ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mwanachama mmoja, mzee mwaminifu kabisa, na yeye pekee ndiye aliyeijua namba ya siri. Msimu wa mvua ulipoanza alikwenda msibani karibu na Bwera, simu yake ikaisha chaji, na kwa siku tatu hatukuweza kugusa hata shilingi moja ya fedha ambazo zilichangwa kwa ajili ya mvua hiyo hiyo. Hakuiba kitu, wala hakuna aliyedai kwamba aliiba, lakini maneno ya pembeni yalianza, na kikundi kinachoweka akiba hubomoka kwa maneno ya pembeni kabla ya kubomolewa na wizi.

Baada ya hapo tulichukua namba ya malipo ya biashara, ile wanayoitumia wenye maduka, kwa jina la kikundi. Tuliombwa cheti cha usajili wa kikundi kutoka wilayani, muhtasari wa kikao uliowataja watia saini na nakala za vitambulisho vyao, na shughuli nzima ilituchukua wiki tatu. Nawaambia wenzangu kwamba wiki hizo tatu ndizo muda bora zaidi tuliowahi kuutumia. Mchangiaji anapoandika namba ile, jina la kikundi linamtokea kwenye kioo kabla hajaweka siri yake, na kwa mtu anayetuma fedha kutoka Mbarara au Kampala, jina hilo linazungumza kuliko tangazo lolote tutakaloandika. Dosari ipo. Katika wiki ya pili michango midogo zaidi ya 100 iliingia ndani ya saa chache baada ya kutangazwa kanisani na msikitini, na mtandao tuliouchagua, ambao sitautaja, ukaiona kama dalili ya utapeli na kuifunga laini kwa siku nne. Ofisi ya mjini ilitutuma Fort Portal, ya Fort Portal ikatutuma kwenye namba ya huduma kwa wateja, na namba hiyo ikatupigia muziki. Siku hizi, kabla ya kutangaza mchango wowote, tunawaandikia barua kuwaeleza tunachotarajia kupokea, na tatizo halijarudi.

Kuhusu makato, hesabu ni lazima zifanywe mapema. Julai 2018 serikali ilianzisha kodi ya asilimia 1 kwa miamala ya fedha za simu, na baada ya malalamiko makubwa ikapunguzwa mwezi Novemba mwaka huo huo hadi asilimia 0.5, ikitozwa kwenye fedha zinazotolewa tu. Ukitoa shilingi 1,000,000 kodi peke yake ni shilingi 5,000, kabla ya ada ya mtandao. Dawa tuliyoipata ni rahisi: hatutoi fedha taslimu ila inapobidi. Maturubai, maharage, unga na mafuta ya taa tunanunua kwa wenye maduka wanaopokea malipo kwa simu, na ujumbe wa malipo unakuwa risiti yetu ya pili. Mwenye duka akisisitiza taslimu, tunamwendea jirani yake.

Faida kubwa kuliko zote haimo kwenye matangazo ya mtandao wowote. Kila Jumapili alasiri, kikao kinapoanza, ninasoma kwa sauti ujumbe wote wa wiki, ulioingia na uliotoka, kiasi na saa. Wengi hawasomi, lakini hakuna asiyejua kuhesabu. Mama mmoja anayeuza dagaa hukaa mbele kabisa, mtoto mgongoni, akinifuata kwa vidole, na nikienda mbio hunikatiza: "Mweka hazina, rudi hapo kwenye elfu tatu. Hiyo ni ya nani?" Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nilitambua kwamba tangu tuanze usomaji huo wanachama waliokuwa wakichanga mara moja moja wameanza kuchanga kila wiki, na sikuona sababu nyingine iliyobadilika.

Bado hatujalitupa kasha. Tuna kasha la mbao lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, kwa mtindo wa vikundi vya akiba na mikopo ambao shirika la misaada la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na ambao umeenea Uganda nzima. Vijana huliona kama kitu cha kale. Mimi nakumbuka Februari 2016, siku za uchaguzi mkuu, mdhibiti wa mawasiliano alipoamuru mitandao ya kijamii pamoja na fedha za simu vizimwe. Mwenye fedha zake zote ndani ya simu alibaki akiiangalia tu. Mvua haisubiri matokeo ya uchaguzi, kwa hiyo sehemu ya akiba ya maafa inabaki taslimu, ndani ya kasha, chini ya kitanda ambacho hata mimi sikijui ni cha nani mwezi huu.

Kabla ya kufika ng'ambo nitaje kwa ufupi kampuni moja ya kati iliyotujia na ahadi ya ukurasa mzuri wa michango, wenye picha na kipimo kinachopanda kadiri fedha zinavyoingia. Ukurasa ulipendeza. Fedha zilikaa kwao siku 19 kabla ya kutufikia, na kila tulipouliza tulijibiwa na mtu mwingine mwenye maelezo mengine. Tangu Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2020, kampuni inayoshughulika na malipo ya watu inapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Uganda. Tulipoiomba kampuni hiyo ituonyeshe yake, mazungumzo yalikoma. Swali hilo lingekuwa la kwanza, si la mwisho.

Jukwaa la ng'ambo tulilolijaribu kwa dhati ni GlobalGiving, ambalo lina makao yake Washington na lilianzishwa mwaka 2002 na Mari Kuraishi na Dennis Whittle, wote wawili waliokuwa wafanyakazi wa Benki ya Dunia. Tulilifikia kwa sababu milango tuliyozoea kuibisha ilikuwa imefungwa: USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, lilipovunjwa mwaka 2025, mashirika yaliyokuwa yakituletea semina na mbegu yalianza kupunguza watu, na afisa tuliyemzoea alitupigia simu kutuaga. Mpango wa kuingia kwenye jukwaa hilo unataka shirika likusanye dola 5,000 kutoka kwa wachangiaji wasiopungua 40 ndani ya kipindi kilichowekwa. Kiasi chenyewe kinatisha, ni kama shilingi milioni 18, lakini mimi naona sharti la watu 40 ndilo lenye akili. Tajiri mmoja hawezi kukuingiza. Unalazimika kuwa na jamii ya watu wanaokujua, na mwaka ujao tajiri akichoka bado unao 39.

Ugumu kwetu ulikuwa kwamba watu wetu 40 wenye kadi ya benki hatukuwa nao. Wachangiaji wa jukwaa hilo hulipa kwa kadi au kwa PayPal, na katika wanachama 72 wenye kadi inayokubalika mtandaoni walikuwa wawili. Tulianza kuorodhesha watoto wa Kasese walioko London, Toronto na Dubai, jina kwa jina, tukiwauliza mama zao kanisani namba mpya za WhatsApp. Kazi hiyo ilituchukua muda mrefu kuliko kuandika maombi yenyewe, nayo haikuhitaji programu yoyote ila daftari na subira. Facebook ingetusaidia kuwapata upesi, lakini ilifungwa nchini Januari 2021 na kuifikia ni mpaka upitie VPN, programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao, ambayo inakula bando na kuwafanya wazee wadhani simu imeharibika.

Tulifikisha kiasi kile siku mbili kabla ya mwisho. Makato ya jukwaa ni kati ya asilimia 5 na 12, pamoja na asilimia 3 ya gharama za malipo, hivyo kwa kila dola 100 hukatwa dola 8 mpaka 15. Wapo waliolalamika kikaoni kwamba ni mengi. Nilipowaonyesha kwamba ada hizo zimeandikwa wazi, na kuwakumbusha siku 19 za ile kampuni ya kati ambayo ilisema haikati kitu, malalamiko yalipungua, ingawa hayakuisha. Fedha za ng'ambo si za dharura. Zilifika wakati matope yalikuwa yamekwisha kukauka, na tulizitumia kwa kazi inayostahili kusubiri: kujenga gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, kwenye kona mbili za mto, kupanda mianzi ukingoni na kununua redio na taa za sola. Mwenye kuingia huko akitarajia uji wa watoto wa kesho asubuhi atakasirika bure.

Jukwaa hilo hutaka ripoti kila baada ya miezi mitatu, na hapa ndipo penye mzigo ambao vijana hawautaji. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, na inasomwa zaidi ikiwa na picha. Nilikwenda na simu yangu kwa mama mmoja ambaye ukuta wa jiko lake ulikuwa umechukuliwa na maji, nikamwomba asimame kando ya ule ufa. Aliniangalia kwa muda. "Mwanangu," akasema, "mimi siombi barabarani. Njoo kesho unipige picha nikiwa mezani kwangu sokoni, na huo ukuta uupige ukishajengwa." Nilirudi kesho yake. Ripoti ile ilikwenda na picha ya nyanya zilizopangwa mafungu na ukuta mpya wa matofali, na dada mmoja wa Toronto akatuandikia kwamba ni mara ya kwanza ametuma fedha nyumbani na kuonyeshwa kitu kilichokamilika. Kwa kipimo changu cha mwanzo, jukwaa limefaulu kwa mchangiaji wa mbali. Kwa mchangiaji wa shilingi 2,000 halina habari naye, na halikuundwa kwa ajili yake.

Zana ya tatu haikusanyi fedha, na kwa sababu hiyo wengi hawaijumuishi wanapozungumza juu ya michango, nami naona wanakosea. KoboToolbox ilibuniwa na watafiti Patrick Vinck na Phuong Pham wa kituo cha masuala ya kibinadamu cha Chuo Kikuu cha Harvard, watu ambao kabla ya hapo walikuwa wamewahoji maelfu ya wananchi wa kaskazini mwa Uganda juu ya vita na amani, kwa hiyo wanajua vumbi la kwetu. Unatengeneza fomu ya maswali kwenye kompyuta, unaipakia kwenye simu za Android, unakwenda nyumba kwa nyumba pasipo mtandao wowote, na ukirudi mahali penye intaneti majibu yote hupanda yenyewe. Fomu moja inaweza kuwa na lugha kadhaa, na sisi tuliiandika kwa Kiswahili na Lukonzo, maana huku juu Kilembe kuna nyumba ambapo babu anazungumza Kiswahili cha mgodini na mjukuu anapendelea Lukonzo. Vikundi visivyo vya kibiashara huweza kuitumia bila malipo, ndani ya kiwango ambacho hatujakikaribia.

Maswali yetu yalikuwa 11: wangapi wanalala nyumbani, nani hawezi kutembea mwenyewe, simu ni ya nani na inashika chaji kwa muda gani, nyumba iko umbali gani kutoka mtoni. Swali la simu ndilo lililotufumbua macho. Tulidhani karibu kila nyumba ina simu. Tukakuta nyumba 19 zisizo na yoyote, na nyingine nyingi ambamo simu moja inahudumia familia tatu na jioni huondoka na kijana mwenye boda boda. Orodha ya namba tuliyokuwa tukijivunia isingewaamsha wale walio karibu zaidi na maji.

Kuna jambo ambalo zana yenyewe haitakuuliza. Mzee mmoja alijibu maswali yote kwa upole, kisha akaishika simu ya kijana wetu kabla hajaondoka. "Umeandika kwamba mke wangu hatembei na kwamba usiku tuko wawili tu. Hiyo karatasi ya ndani ya simu atapewa nani?" Kijana hakuwa na jibu, na mimi nilipoulizwa jioni sikuwa nalo pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019 inatutaka tuwe nalo. Tuliahirisha kazi wiki nzima, tukaamua kwamba orodha kamili itaonwa na watu watatu, tukaziondoa fomu kwenye simu za vijana kila zilipotumwa, kisha tukarudi kwa yule mzee kwanza kumweleza. Waweka hazina wenzangu, fanyeni hivyo kabla ya nyumba ya kwanza, si baada ya ya arobaini.

Zana zote tatu zilipimwa usiku mmoja wa Novemba. Saa tatu na nusu mwenzetu wa Kilembe alipiga simu kwamba maji yamegeuka rangi na mawe yanasikika yakigongana, na mtu wa bondeni akiambiwa mawe yanagongana hahitaji maelezo zaidi. Ujumbe mfupi ulikwenda kwa wenye simu. Vijana sita walichukua karatasi ya nyumba 19, iliyochapishwa mapema kwa sababu umeme hukatika mvua ikinyesha, wakazigawana kwa vichochoro na kugonga milango. Mzee yule na mkewe walibebwa kwa kitanda cha kamba mpaka shuleni. Kabla ya alfajiri maji yaliingia nyumba nane, na hapakuwa na mtu ndani. Kufikia saa nne asubuhi namba ya kikundi ilikuwa imepokea shilingi 1,340,000, nyingi zikiwa mbili mbili na tano tano elfu, na saa sita maharage yalikuwa jikoni. Dada wa Toronto alituma pole kwenye WhatsApp asubuhi hiyo hiyo. Mchango wake ulifika Januari, na ndio uliorudisha milango ya nyumba tatu.

Kikao cha mwaka kimeamua tuendelee na namba ya malipo na Kobo bila mjadala mrefu. GlobalGiving tumeipa mwaka mmoja zaidi, kwa sharti kwamba uandishi wa ripoti usiwe wa mtu mmoja. Vijana wawili wa chuo watalipwa shilingi 30,000 kwa kila ripoti, nayo itasomwa kikaoni kwa Kiswahili kabla haijatumwa. Kasha limewekewa kufuli mpya. Nilipomaliza kusoma miamala ya mwezi, mama wa dagaa aliinua mkono akataka kujua kwa nini makato ya safari hii yamezidi ya mwezi uliopita. Sikujua. Kesho yake nilikwenda kwa wakala tukapitia ujumbe mmoja baada ya mwingine: fedha ambazo ningeweza kuzitoa mara moja nilizitoa mara mbili, siku mbili mfululizo, kwa uvivu wa kutopiga hesabu. Nimeirudisha tofauti ya ada kutoka mfukoni mwangu, na Jumapili hii nitaisoma kwa sauti pamoja na mingine.